Kibodi ya Bi Mkubwa

"Umerudi tena?" Dada Mkubwa alisimama katikati ya mlango, mkono mmoja huku, mwingine kule, kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie. "Si mlisema kesi imekwisha?"

"Inakwisha kesho," alisema Gundi. "Leo nimekuja kuifunga vizuri."

"Basi kaifungie huko huko kituoni."

Jina la Gundi alibandikwa na wenzake kazini, kwa sababu mpelelezi huyu mwanamke akishakaa kwenye kiti cha watu habanduki mpaka apate alichofuata. Hakulipenda, wala hakulikataa. Alikuwa mfupi, na siku ile ufupi ulimfaa: aliinamisha kichwa kidogo, akapita chini ya mkono wa mwenyeji wake, akawa yumo sebuleni.

Sebule ilikuwa imefurika. Viti vyote watu, mikono ya viti watu, kwenye zulia watu na vikombe vyao vya chai. Wote walinyamaza kwa mpigo, ule unyamazaji wa watu waliokuwa wanakusema.

"Hamjambo?" alisema Gundi.

Walijibu wawili, tena wakubwa kwa umri. Waliobaki walitazama viatu vyake.

Alikwishazoea. Familia hii ilimpokea vizuri siku ya kwanza tu, alipokuja kumchukua muuguzi. Tangu alipoanza kuuliza maswali, chai ilimpita mbele ya pua ikaenda kwa wengine.

Mama wa nyumba aliitwa Bi Mkubwa na kila mtu, mpaka na wanawe. Alikuwa mshonaji, nusu ya watoto wa mji ule walikwenda shule na sare alizozikata yeye. Kiharusi kilimchukulia sauti na upande wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto unaotetemeka na kichwa kinachotikisika chenyewe, kwa ndiyo na kwa hapana. Mazungumzo yake yote alikuwa akiyaandika kwenye kompyuta ya kugusa, iliyofungwa kando ya kitanda. Kisha asubuhi moja akazimia. Hospitali ikasema dawa ya presha ilizidi. Akapona, akarudishwa nyumbani, na siku hiyo hiyo Dada Mkubwa akafika kituoni na picha kwenye simu: skrini ya mama yake, imeandikwa *Muuguzi ananipa dawa mara mbili, nikikataa ananifinya.*

Muuguzi wa nyumbani alikuwa akilala mahabusu tangu siku hiyo. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kutaka kuua. Mkuu wa kituo alikwishasema hataki kusikia hadithi nyingine. Gundi hakuwa na cha kumtetea muuguzi. Alikuwa na jambo moja tu lililomkera kama punje ya mchanga kwenye soksi: muuguzi alipohojiwa hakuapa wala hakulia. Alisema, "Muulizeni mwenyewe." Na kila Gundi alipotaka kumuuliza Bi Mkubwa mwenyewe, alijibiwa kwamba mwenyewe akili imekwenda.

Alitafuta pa kukaa, hakupewa. Akakaa kwenye mkono wa kiti cha Shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba wa nyumba ile, hakuwa na kiti kingine isipokuwa kile kilichoegemea ukuta wa chumba cha mgonjwa. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, umepigwa haraka haraka baada ya kiharusi ili kumega kipande cha sebule, Bi Mkubwa asipandishwe ngazi.

"Nyie polisi hamna kazi?" alisema Shangazi bila kumtazama. "Mwizi wa sufuria zangu mpaka leo anapikia."

"Tunamtafuta, Shangazi. Siku Bi Mkubwa alipozimia, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo! Nani alimshika miguu kumpeleka kwenye gari?" Swali lilimwingia Shangazi vizuri, alikuwa mtu wa kuchukia polisi lakini kuchukia zaidi habari isimuliwe na mwingine. "Tulijaa hivi hivi. Muuguzi katoka chumbani na beseni lake, kashamwogesha, kanuna kama aliyeoga yeye maji baridi. Dada Mkubwa naye akaingia na glasi, akamnywesha mama yake dawa mlango wazi, sote tunaona. Bi Mkubwa anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, unajua ugonjwa ule ulivyo, na mwanawe anambembeleza: kunywa mama, kunywa mama. Tukasema, huyu ndiye mtoto. Siyo hao wengine."

Akiwataja 'hao wengine' alimtupia jicho kijana wa miaka kadhaa juu ya thelathini aliyekaa peke yake karibu na dirisha, anafungua mgongo wa simu ya mtu. Huyo ni mdogo wake Dada Mkubwa. Wanamwita Fundi, na kwa namna walivyoitamka, haikuwa sifa.

Gundi hakubadilisha uso. Lakini muuguzi katika maelezo yake alisema alimpa mgonjwa dawa baada ya kumwogesha, kama kila siku, kabla ya kutoka na beseni. Asubuhi moja, mikono miwili. Muuguzi angeweza kuwa mwongo, bila shaka. Watu wa mahabusu huwa na sababu nzuri ya kudanganya.

"Na siku aliyoandika yale maneno?" aliuliza kwa sauti ya kuwafaa wote.

Dada Mkubwa alijibu kutoka mlangoni. "Nimeeleza mara ngapi? Nilikuwa jikoni. Nikasikia zile tik-tik zake, nikajua mama anaongea. Nikaingia, nikakuta maneno, nikapiga picha, nikaja kwenu. Au nilikosea kuja kwenu?"

"Tik-tik ipi?" Shangazi aligeuka. "Mimi siku ile mgongo wangu ulikuwa kwenye ukuta huu kutwa nzima. Sikusikia hata moja."

"Shangazi, wewe ukishika habari hata radi huisikii."

Sebule nzima ilicheka, na Shangazi mwenyewe akacheka kwa hasira. Lakini jirani mmoja alimweleza Gundi kwa sauti ya chini habari ya tik-tik. Kila herufi Bi Mkubwa aliyoiandika ilitoa mlio, tik, kisha kimya kirefu, kisha tik nyingine. Ilikuwa desturi ya nyumba: ikianza, mtu husema, "Kaeni vizuri, hotuba inakuja," na mmoja hutumwa ndani kwenda kusoma.

"Nataka kumwona," alisema Gundi.

"Umemwona juzi."

"Nataka kumwona leo."

Dada Mkubwa alichomoa ufunguo kifuani, umefungwa kwenye uzi. "Tangu arudi kutoka hospitali haingii mtu humu ila mimi. Tangu dakika ile aliyolazwa kitandani. Hata huyo," akamwonyesha Fundi kwa kidevu, "asije akamchosha na mashine zake. Mimi ndiye ninayemlisha, mimi ndiye ninayemgeuza. Andika na hilo."

"Nitaliandika," alisema Gundi. Na aliliandika.

Chumba kilinuka dawa ya sakafu. Bi Mkubwa alikuwa ameegemezwa mito, kichwa kinatikisika polepole, macho yametulia. Macho yale yalimpima Gundi kuanzia bega hadi pindo la sketi, na yalionekana kutoridhika na pindo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Skrini ilining'inia mbele yake kwenye mkono wa chuma. Nusu ya juu ilikuwa karatasi nyeupe. Nusu ya chini ilikuwa kibodi, vitufe vikubwa vimesogezwa upande wa kushoto, upande wa mkono uliobaki.

"Mama, mwandikie afande jina lako," alisema Dada Mkubwa. Alikwishafanya onyesho hili mbele ya wageni. Alisogea pembeni kama mtu anayejua litakavyokwisha.

Kidole cha Bi Mkubwa kilinyanyuka kikitetemeka, kikatua kwenye herufi. Skrini ikajaa *mmmmmmmmm*, mstari mzima. Akakiondoa. Akakiweka kwenye nyingine. *Aaaaaaaaaaa.* Bi Mkubwa akapiga kioo kwa kiganja na herufi zikatawanyika kama mchele.

"Umeona?" Dada Mkubwa alifuta yote kwa mguso mmoja. "Maneno yale ndiyo yalikuwa ya mwisho kuyaandika akiwa na akili. Mshtuko umemmaliza. Sasa tuache."

"Mara moja zaidi," alisema Gundi.

"Unamtesa mama yangu!"

"Mara moja."

Safari hii Gundi hakutazama maandishi. Alitazama kidole. Hakikupotea, hakikutangatanga, kilikwenda moja kwa moja kwenye herufi ile ile ya kwanza, kikatua, kikabaki. Na macho ya Bi Mkubwa hayakuwa juu kwenye karatasi. Yalikuwa kwenye kitufe, yanakikodolea kama mtu anayengoja maji yachemke. Mtu aliyepotewa na akili hangoji. Bi Mkubwa alikuwa anangoja kitu, na kitu hakiji.

Gundi alifungua mlango. "Fundi! Njoo huku."

"Huyo haingii!" alisema Dada Mkubwa.

"Anaingia kwa amri yangu. Wewe simama pale ukutani."

Fundi alikuja na bisibisi yake mkononi na uso uliofungwa. Mlango ulibaki wazi, na ndani ya mlango ule vichwa vilianza kupangana, cha Shangazi kwanza.

"Sasa ndiyo mnanihitaji?" alisema Fundi.

"Nani humu anaijua mashine hii kuliko wote?"

"Mimi. Liandike kwenye jalada lako, kisha nifunge pingu, maana naona ndiko unakoelekea."

"Jibu ninachouliza. Mama yako anaandikaje?"

Alimtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Mkono unatetemeka. Akigonga kitufe kimoja, anakigonga mara nyingi, au anagonga na jirani zake. Kwa hiyo tulikata hiyo njia ya kugonga, mimi na muuguzi. Tukaweka ya kutulia. Unaweka kidole juu ya herufi, unakiacha. Kitufe kinajaa rangi kidogo kidogo. Kikijaa, herufi inachukuliwa mara moja tu, inalia tik. Ukiondoa kidole kabla, haihesabiki. Muuguzi alikaa naye mchana kutwa wakitafuta mwendo: ukiwa wa haraka anachukua herufi asizozitaka, ukiwa wa polepole mkono unachoka." Sauti yake ililegea kidogo. "Na ile ya kukisia maneno tuliizima. Mama aliandika kwamba hajaanza leo kumaliziwa sentensi na watu, hataki na mashine."

Nyuma ya mlango mtu alicheka. Bi Mkubwa naye, upande mmoja wa mdomo ulipanda.

"Nionyeshe hiyo mipangilio. Usibadilishe kitu."

Fundi aligusa alama ndogo sana kwenye pembe ya juu ya kibodi. Ikafunguka orodha. Akaisoma, akairudia, na shingo ikamvimba.

"Nani kagusa hii?"

"Sema imeandikwaje."

"Kutulia imezimwa! Imewekwa mguso wa kawaida, ule wa kubonyeza, ukikaza kidole herufi inajirudia mpaka kesho. Na sauti imezimwa. Mama anaweka kidole anangoja, anatapikiwa herufi, nyinyi mnakaa huko mnasema kachanganyikiwa!" Alimgeukia dada yake. "Umemfanya nini?"

"Mimi?" Dada Mkubwa alicheka. "Nani fundi humu? Mimi hata redio naiwasha kwa kuisihi. Afande, mtu wako si huyo hapo?"

Ilikuwa hoja nzuri, na Gundi alikuwa ameingia nayo kichwani tangu sebuleni. "Jibu, Fundi. Wewe ndiye ungejua pa kugusa."

"Ningekuwa mimi ningeirudisha ilivyokuwa. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuficha kwamba alifungua."

Gundi aliipima ile. Kisha akatoa simu, akafungua picha iliyoletwa kituoni, akaikuza kwa vidole viwili. Kwa siku zote hizo alikuwa ameyasoma maneno yaliyo juu. Leo alishuka chini, kwenye kibodi.

"Fundi, kutulia ikiwa imewashwa, kibodi inaonyesha alama gani?"

"Saa ndogo. Pale, mstari wa juu."

"Na sauti?"

"Spika. Ikizimwa, inakatwa na mstari mwekundu."

Gundi alimpelekea Dada Mkubwa simu karibu na pua. "Picha hii ulipiga wewe?"

"Nimekwishasema."

"Simu haikushikwa na mtu mwingine."

"Simu yangu mimi!"

"Na kabla yako hakuingia mtu, maana ufunguo ulikuwa kifuani kwako tangu alipolazwa. Tazama hapa. Saa haipo. Spika imekatwa mstari. Kibodi hii ilikuwa kimya wakati maneno haya yanaandikwa. Wewe ulisikiaje tik-tik mpaka jikoni, wakati Shangazi aliyeegemea ukuta hakusikia?"

"Niliwaambia!" alisema Shangazi mlangoni. "Mimi niliwaambia!"

"Labda... labda mama alizima mwenyewe."

"Kwa kidole hiki, kwenye alama ile ndogo kama punje? Haya, tuseme alizima. Basi akaandika sentensi nzima kwa mguso wa kawaida, bila herufi hata moja kujirudia? Umetuonyesha mwenyewe sasa hivi kinachotokea." Gundi alirudisha simu mfukoni. "Ulikaa hapa ukaandika. Ulibonyeza, herufi hazikuja, kwa sababu mashine ilikuwa inangoja kidole kitulie, na wewe ulikuwa na haraka. Ukatafuta mpaka ukapata pa kubadilisha. Ukazima na mlio, ukuta ule unasikia kila kitu."

Dada Mkubwa aliruka. Hakumrukia Gundi, aliurukia waya wa umeme wa kompyuta ukutani. Fundi alimdaka kiwiko, vikombe vikaanguka huko nje kwa watu kusukumana, mtoto wa mtu akaanza kulia. Gundi alisimama kati ya Dada Mkubwa na ukuta, mfupi vile vile, akabaki pale.

"Rudisha mipangilio," alimwambia Fundi.

Fundi aligusa mara tatu, nne. Akasogeza kile kidude cha mwendo mpaka pale alipopakumbuka. Saa ndogo ikatokea.

"Bi Mkubwa," alisema Gundi, "asubuhi ile, nani alikupa dawa?"

Kidole kilitua. Kitufe kikaanza kujaa rangi, polepole kiasi kwamba watu wa mlangoni walianza kuegemeana. Tik. Kingine. Tik. Fundi alisoma kwa sauti neno lilipotimia.

*Muuguzi.*

Pumzi za watu zilitoka. "Si nilisema?" Dada Mkubwa aligeukia mlango, mikono imefunguliwa. "Mmesikia? Si nilisema?"

Kidole hakikuwa kimemaliza. Kilivuka kioo kikitetemeka, kikatua, kikangoja, kikavuka tena.

*Muuguzi. Halafu mwanangu.*

Dada Mkubwa alitazama maneno yale mawili ya mwisho, kisha uso wake ukavunjika.

"Sikujua! Haki ya Mungu sikujua kama amekwisha kunywa!"

"Ulimuuliza muuguzi?"

"Alikuwa anapita na beseni..."

"Ulimuuliza?"

"Watu walikuwa wanatazama!" alipiga kelele. "Nyumba imejaa, kila mtu anatazama nani anamhudumia mama, mfanyakazi au mtoto! Ningemuuliza mfanyakazi mbele yao kama mama yangu kala dawa? Mimi?"

Gundi alimwacha amalize. "Kosa hilo lingeishia hospitali," alisema. "Ungesema 'nimekosea', daktari angekukemea, ungekwenda nyumbani. Hakuna mahakama."

Dada Mkubwa alilishika neno lile kama kamba. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalaza shavu kwenye mkono mfu wa mama yake. "Basi mwambie, mama. Waandikie. Mwambie nilikosea tu."

Kidole cha Bi Mkubwa kilirudi kwenye kioo.

*Dawa alikosea.*

"Asante, mama. Asante. Mmeona? Mmesoma?"

Kidole kiliendelea. Fundi alianza kusoma, akaacha, ikabidi Gundi asome mwenyewe.

*Mdomo wangu aliufunga makusudi.*

Gundi alipiga simu pale pale. Alimwambia mkuu wa kituo kwamba muuguzi hapandi kizimbani kesho; alisikiliza matusi mpaka yakaisha, akayarudia yale yale aliyosema mwanzo, akakata.

"Vaa viatu," alimwambia Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa hakuinuka. Alikuwa bado amepiga magoti, amekamata shuka kwa mikono miwili. "Mama, mimi mwanao. Mimi si mwanao?"

Chumba kizima kiligeukia skrini. Bi Mkubwa aliandika bila haraka, kila herufi ikajaa mpaka ukingoni.

*Ndiyo.*

Kisha akaondoa kidole, akautazama mlango, akamtazama Gundi kama anavyotazamwa mshonaji aliyechelewa kuanza kazi.